Tangazo la Pasua

Mimi ni mdomo wa kukodishwa.
Ijumaa nilitangaza msiba wa Bi Ndeanasia,
spika ikamkatakata: Bi Nde... krrr... sia.
Wanawe wakadai nusu ya hela yao.
Alhamisi ilikuwa sumu ya panya.
Jumatano, maji kukatika Njoro hadi Majengo
(hilo walilisikia, walikimbilia ndoo).

Jumamosi nikapewa karatasi ya chuo.
Chuo kile cha ufundi, njia ya Rau,
nimekipita miaka kumi na tisa
nikijua ni cha walioambulia ziro kidato cha nne,
kama mwanangu,
kama mimi kabla yake, ila hilo sisemi.
Karatasi imejaa fursa, imejaa ujuzi,
imejaa soko la ajira lenye ushindani,
nami nikaisoma kama ninavyosoma yote,
bajaji ikitambaa Pasua kwa mwendo wa jeneza.

Nani aligeuka?
Muuza nyanya alikuwa anahesabu chenji.
Mama mmoja alipokea fomu kwa mikono miwili, kwa heshima,
akaikunja koni,
akaijaza dagaa.

Nikapandisha sauti: Wazazi, walezi, chuo chenu kina—

Spika ikafa.

Hapo ndipo soko lilipogeuka.
Kumbe kimya changu kina wasikilizaji.

Yule binti wa chuo niliyepewa anisindikize,
Mkunde, overoli ya bluu iliyopauka magotini,
hakuniuliza kitu. Alichomoa bisibisi kwenye soksi,
akailaza spika juu ya gunia la viazi,
akaipasua tumbo.
"Ni huu," akasema. Waya mwembamba kama uzi wa cherehani.
"Ulikuwa umeshikiliwa na mazoea tu."
Akaomba kaa la moto kwa muuza mahindi,
akapasha ncha ya chuma, akapuliza,
akadondosha tone moja la risasi.
Likang'aa. Likaganda.

Watu wamejaa, na sikuwaita mimi.
"Umejifunzia wapi?"
Akaelekeza kwa kidevu: "Pale mnapoanika nguo ukutani."
"Ada ni kwa mkupuo?" Mama wa dagaa huyo.
"Sisi tunalipa mkungu kwa mkungu.
Muhula uliopita shamba liliota upara.
Bado tunadaiwa."
Wakacheka, lakini si sana.

"Na aliyefeli, je?"

Sauti ya mwanamume, safi, bila mkwaruzo,
ikagonga mabati ya soko, ikavuka barabara,
wanaume wa kijiwe cha kahawa wakainua vichwa.
Nikatafuta nani kauliza.
Kipaza sauti kilikuwa mdomoni mwangu
na spika ilikuwa imepona.

Mkunde akarudisha bisibisi kwenye soksi.
"Hesabu nilipata F," akasema.
"Waya hauniulizi cheti."

Mama akamwaga dagaa kwenye pindo la kanga,
akaikunjua fomu,
akaanza kuipangusa magamba kwa kiganja,
taratibu, asichane mahali pa kuandika jina.

Jumatatu, msiba tena. Mzee Ndelilio Materu,
mazishi saa nane, Kibosho.
Nikalitamka jina lote kwa pumzi moja
na likatoka zima.
Mwanangu kakaa nyuma ya bajaji, kashikilia spika,
anapapasa lile tone kwa kidole,
hajaniambia kitu,
nami sijamuuliza.