Siku ya Kumi na Tisa

Saa nane usiku stima ikapotea Dandora.
Kiatamizi, cha mkopo wa chama, kikanyamaza
na mayai sitini tumboni.

Nikamkumbuka yule koo mwekundu
niliyemchovya kwenye ndoo wiki jana
aache kuatamia hewa, atage.
Bado alikuwa amelalia kiota kitupu,
mkaidi, manyoya yamemsimama.

Nikamsukumia kumi na matatu, gizani, kwa aibu.
Akanidonoa kidole.
Kisha akayavuta kwa mdomo,
moja, moja,
hadi la mwisho likazama kifuani.

Yaliyobaki yakawa viza.

Jumapili Kwamboka aliuliza ng'ambo ya mabati:
“Ile mashine yako imetotoa?”
“Kumi na viwili,” nikamwambia.
“Iko bandani. Usiikaribie,
inadonoa.”