Mipigo Minne

Kipya kinyemi, alisema mweka hazina
alipotuonyesha picha ya ukumbi wetu wa Ostrava:
viti vyekundu, safu kwa safu, vitupu
kama fizi zisizo meno.
Basi projekta ikanunuliwa. Skrini ikatundikwa nyuma yetu,
pana kama shuka la jitu,
na Vendula, binti wa miaka ishirini na mitatu,
akapanda kibandani na tarakilishi yake
na nakala ya simfonia iliyojaa kalamu ya kijani.

Jarmila, ninayegawana naye stendi ya nota,
alisonya. Viola yake ina miaka mingi kuliko reli ya mji huu.
"Leo picha," alisema, "kesho watatuuzisha bisi."
Sikumjibu. Nilikuwa napaka upinde ulimbo.

Mtu halijui hili mpaka akae tunapokaa:
mpigaji haoni kitu. Kisogo hakina jicho.
Picha zinapita nyuma yetu
na sisi twaambulia makombo ya mwanga:
karatasi inageuka samawati, kisha rangi ya kutu,
kisha nyeupe ghafla, mpaka nota zinaogelea.
Yaliyobaki twayasoma kwenye nyuso.
Mwanamke wa safu ya pili akiinua kidevu, ni ndege, labda, au moshi.
Mtoto akimvuta bibi yake mkono, mnyama.
Nimejifunza kuwasoma kama mtu asomavyo upepo
kwa nguo zilizoanikwa.

Ni Řehoř tu, kiongozi wetu, anayetutazama sisi na ukuta,
ndiye aonaye yote. Naye huwa hasemi.

Ijumaa ile ya Februari, theluji imeshakuwa tope mlangoni,
tulifika sehemu ya pili, ile ya polepole,
pale oboe inapoachwa peke yake nasi tunaingia
chini yake, kama mtu anayetandika.
Mwanga ukawa wa kijivu. Filamu ya zamani, nilijua,
kwa jinsi ulivyotetemeka juu ya mkono wangu.
Nyuso hazikusema kitu.
Kisha, safu ya saba, mzee mmoja
aliyekuwa bado hajavua koti lake la mvua
akasimama.

Hakupiga kelele. Alisema neno moja,
kwa sauti ya mtu anayeita chumba cha pili:
"Baba."

Tulikuwa kwenye noti ndefu. Mipigo minne, ndivyo ilivyoandikwa.
Wa nne ukafika, na mkono wa Řehoř haukushuka.
Ulibaki hewani, umefunguka,
kama wa mtu anayezuia mlango ili mwingine apite.
Upinde wangu ukaisha. Nikaugeuza taratibu;
Jarmila akageuza wake baada yangu, ili pengo lisisikike,
na mpiga oboe, masikini, uso ukamwiva
kama nyanya ya kopo.
Mwanga juu ya karatasi ukaacha kutetemeka.
Vendula, kule juu, alikuwa ameisimamisha picha.

Ni muda gani? Yaulizeni mapafu ya mpiga oboe.
Mzee akaketi.
Mkono ukashuka.

Baadaye nilipanda kibandani nikaomba nione.
Lango la kiwanda cha chuma, saa ya kutoka, baridi,
wanaume na mikebe yao ya chakula, pumzi zao zikiwatangulia.
Nilihesabu kofia thelathini na saba.
Mmoja anacheka na mtu aliye nje ya picha.
Yupi? nikauliza. Vendula akapandisha mabega.
Mzee aliondoka kabla ya makofi.

Chini, Jarmila alikuwa akiivisha viola yake kitambaa.
"Minne," alisema, bila kuinua kichwa. "Imeandikwa minne."
Kisha akachukua penseli yangu
akachora juu ya noti ile alama ya kungojea:
tao dogo na nukta chini yake,
kama nyusi juu ya jicho.