Mwalimu Ananipa Mgongo

Mwalimu Gu ananipa mgongo.
Kwingine ningeita dharau,
ila amegeuka makusudi, kwa ajili yangu,
ili kulia kwake kuwe kulia kwangu.
Kabla sijaipata video hii
nilikuwa nimejifunza kila kitu kikiwa kimepinduka,
Mjeledi Mmoja ukichapa mlangoni badala ya dirishani,
ikanibidi nijifumue
kama soksi iliyokosewa kisigino.

Kufumua najua. Miaka thelathini na mmoja
nilisimamia mitambo ya nguo hapa Łódź,
mji ambao jina lake maana yake ni mashua
na bahari haijui hata inakaa wapi.
Tulisimama zamu nzima, magoti yamekazwa kama misumari.
Sasa mtu wa Henan, suruali pana kama shuka,
ananiambia kwa maandishi ya njano chini ya kioo cha simu:
legeza goti. Legeza bega.
Legeza na hicho unachotumia kulegezea.
Hapo nilisimamisha video.
Nikayaandika maneno, nikayabandika kwenye friji
pembeni ya bili ya gesi.

Sebule ni hatua nne kwa tatu.
Naanzia kwenye kabati la vyombo,
na nikipotea hesabu najikuta nimeikumbatia hita.
Meza nimeisogeza. Zulia nimelikunja.
Kiti cha Bogumił sijakigusa.
Nakizunguka.
Kwa hiyo katika taichi yangu kuna nusu hatua
ambayo haimo katika taichi ya mtu yeyote duniani,
na ikitokea siku nikamfundisha mtu
ataibeba, naye atamrithisha mwingine,
wala hawatajua wanapisha nini.

Jumanne Bwana Pietrzyk wa ghorofa ya chini
alipanda kuuliza kwa upole
kama nahamisha makabati alfajiri.
Nikamwambia, hapana, natandaza mawingu.
Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka
namba ya simu ya binti yangu.

Kisha Januari, theluji imelala juu ya nyaya,
tukafika pale Jogoo wa Dhahabu anaposimama kwa mguu mmoja,
na intaneti ikakwama.
Mwalimu mguu juu,
kiduara kikizunguka, kikizunguka, juu ya uti wake wa mgongo.
Nami mguu juu.
Kwanza niliilaani kampuni, kwa jina na kwa ukoo.
Halafu paja likaanza kutetemeka
kama kifuniko cha sufuria ya viazi.
Halafu likaacha.
Nikaisikia friji. Nikaisikia tramu ya kwanza
ikikata kona kwa kelele zake za kisu na sahani.
Uzito wangu ukashuka, siwezi kusema vingine, ukashuka,
ukapita sakafuni, ukapita darini kwa akina Pietrzyk bila kuwaamsha,
ghorofa ya pili, ya kwanza, stoo ya makaa ya zamani,
ukaenda kukaa huko nyumba yenyewe inakokaa.

Video ikarudi. Mwalimu akashusha mguu
kama vile hakuna kilichotokea, na kwake hakikutokea.
Mimi nilibaki juu kidogo.

Jowita anapiga simu kutoka Wrocław:
mama, kuna darasa kwenye ukumbi wa mtaa,
watu wa rika lako, na chai baadaye.
Nasema nitafikiria. Sifikirii.
Goti la kushoto bado lina ukaidi wake,
mawingu yangu bado yana pembe,
na nusu ya pili yote sijaigusa.

Lakini mwishoni, kila mara, Mwalimu Gu anageuka.
Uso wake ni mzee kuliko mgongo wake;
hilo lilinishtua siku ya kwanza na bado linanishtua.
Anafunika ngumi kwa kiganja, anainama.
Nami nainama.
Simu imeegemea kopo la sukari,
na nikiinama kwa nguvu meza inatikisika,
anaanguka chali,
mikono bado imekunjwa kwa adabu,
akiitazama dari yangu.