Koti Msumarini

Mke wangu Wairuri haulizi siku ilikuwaje.
Husoma koti.
Nikifika Dagoretti jioni, gambuti zimejaa tope,
hulitundika msumarini, akanusa kola:
"Leo mkaratusi."
Kweli. Minane, iliyoangukia uzio kwa upepo wa usiku
kando ya barabara ya Ngong,
na magari yakatupigia honi
kana kwamba sisi ndio tuliovuma.
"Leo mtarakwa."
Kweli tena.
Siku ya kung'oa lantana hasemi neno,
huleta karai la maji moto na chumvi
kwa ajili ya viganja.

"Msumeno una meno, mti una subira,
sisi tuna kandarasi ya miezi mitatu,"
husema Lemayian, mshika kamba,
kisha hucheka peke yake.

Jana tulishinda kitaluni,
tukijaza udongo kwenye pakiti tupu za maziwa.
Miche ya muhugu, elfu moja na mia mbili,
kila mmoja kama kidole cha mtoto.
Sikukata hata kijiti.

Wairuri akanusa kola.
Akanusa mkono, akarudia, akaingiza pua mfukoni.
"Hukwenda kazini?"

Nikamwonyesha kucha.
Akazigeuzageuza kwenye mwanga wa koroboi, nyeusi tititi.
"Huu bado hauna harufu," nikamwambia.
"Ungoje miaka sitini."

Akaepua sufuria, akapakua githeri,
akalitazama koti pale msumarini, kiwiko kimetoboka.
"Na atakayelivaa," akasema, "atanuswa na nani?"