Karatasi Katikati

Somoe alikuja Rondo na kiroba kitupu,
akaomba unga wa msumeno.
Nikacheka. Unga huo nawatandikia kuku;
mwingine unafuka nyuma ya kiwanda
tangu mvua za mwaka juzi, hauzimiki.
"Wa msaji tu," akasema,
"usioguswa na mafuta ya mashine."
Nikauchekecha kwa chekeche la mke wangu
(aligomba mpaka magharibi).

Akauchemsha kwa magadi ya sabuni, wekundu ukatoka.
Akasuuza, akaponda, akasuuza tena,
na maji huku kwetu ndoo ni shilingi mia tano.
Kilichobaki kilikuwa cheupe,
kinateleza vidoleni kama uji wa mgonjwa.
"Hii ndiyo selulosi, baba mdogo.
Ndiyo inayousimamisha mti."
Miaka ishirini na saba napasua magogo,
sikuwahi kuonana na kinachoyasimamisha.

Akaianika juu ya kioo cha dirisha:
karatasi, nyepesi kuliko ganda la kitunguu.
Betri, akaniambia, ina pande mbili
zisizotakiwa kugusana. Zikigusana, moto.
Katikati hukaa hii:
inazuia miili, inapitisha chembe,
zinakwenda, zinarudi.
Ya plastiki hunywea ikishikwa na joto.
Hii ya mti ina subira zaidi.

"Na pande hizo?"
"Mmoja ni kinywe. Cha Ruangwa."
"Nani kakupa kinywe?"
Akakunja kiroba mara mbili, mara nne.
"Baba."

Kaka yangu Bakiri.
Tangu tugawane mikorosho ya marehemu,
mwaka wa saba huu,
salamu zetu hupita misibani, kwa midomo ya watoto.

Alirudi Julai, kutoka maabara ya chuo,
na kitu kama kifungo cha koti.
Lithiamu yake ilitoka mbali, hata yeye hajui wapi.
Cha kwanza kilikufa. Cha pili kilivimba.
Hiki cha tatu kikawasha kitaa chekundu
kando ya sahani ya ming'oko,
mke wangu akihesabu: dakika arobaini,
kikafifia.

"Basi?" nikauliza.
"Kitachajiwa. Hakiwi kipya, baba mdogo,
kila mara kinapungua kidogo.
Lakini kinachajika."

Nikatoka nje, kwenye lile lundo linalofuka.
Simu yangu ilikuwa na asilimia nne.
Nikampigia hivyo hivyo.