Mistari ya Mkaa

Nyumba yetu Igogo imekaa juu ya jiwe,
ngazi sabini na mbili kutoka bombani.
Nazijua kwa kifua, si kwa miguu.
Ya thelathini ndiyo yenye maneno:
hapo natua ndoo, najifanya natazama ziwa.

Filimbi inaanza ndani, nyembamba,
kama birika la jirani lisilo na wa kuliepua.

Nafungua pindo la kanga, penye chenji,
natoa kile kichupa cha buluu.
Natikisa. Natoa pumzi yote, hata ya akiba
(hapo ndipo pagumu, kutoa usichonacho),
nabonyeza, navuta polepole, nafunga mdomo.
Hesabu hadi kumi, alisema nesi Nyanzala.
Mimi nahesabu Kisukuma, namba zake zina uzito,
imo, ibili, idatu,
hazikubali kukimbizwa.
Nikifika ikumi
ziwa limerudi mahali pake.

Mama hakuipenda. "Ukiizoea hiyo, imekuoa."
Kwake pumu ni ya majani, tena ya siri;
binti anayepiga mbinja kifuani, nani atamposa?

Mpaka usiku ule wa wadudu wa ziwani,
wingu lao lilipopanda kutoka majini
kama moshi wa kijiji kinachoungua,
wakaijaza taa, wakaijaza sufuria ya uji,
wakanijaza mimi.
Inhela peke yake ilinishinda, pumzi haikutosha kuivuta.
Mama ndiye aliyepasha kisu motoni,
akatoboa kitako cha chupa ya maji,
akakichomeka kile kidude alichokitukana,
akanibana mdomoni kwa mkono unaonuka vitunguu:
"Vuta, Limi. Vuta, mama."
Sikujua kwamba siku ile ya kliniki,
akiwa amegeuzia ukuta uso,
alikuwa anasikiliza.

Kichupa hakisemi kimebakiza nini.
Kila nikivuta nachora mstari nyuma ya mlango
kwa mkaa, mkaa uleule unaonikaba jikoni.
Dozi mia mbili, halafu hewa tupu.
Leo ni mia na themanini na moja,
na dagaa wamelowa mvua, hawauziki.

Mama hakukaa darasani hata siku moja.
Jioni anapitisha kidole kwenye mistari, kimya,
midomo ikicheza.

Alfajiri nimekuta noti ya elfu tano
imebanwa kwenye bawaba,
karibu na mstari wa mwisho,
imekunjwa mara nne.
Inanuka samaki.