Kama Hapo Awali

Ilie alituma dakika nne kutoka Padova
ndani ya kijiti cha plastiki kisichofika
urefu wa kidole gumba.
Mama yake, Agripina, alikileta maktaba kikapuni,
kimelala juu ya mayai sita, malipo ya kutangulia.
"Deki imekikataa. Inaandika neno lile lile:
haitambui. Miaka kumi na tisa naipangusa vumbi,
naifunika kitambaa nilichodarizi mwenyewe,
leo haimtambui Trofim."

Nikamweleza, vibaya,
kama sisi tunaokaa na mashine tunavyoeleza.
Video za siku hizi, mama, hubanwa na fundi bahili.
Huchora picha moja nzima, kisha huandika tu kilichobadilika.
Jani limetikisika: andika.
Kuku kapita: andika.
Ukuta haujasogea? Kama hapo awali.
Kiti? Kama hapo awali.
Mzee aliyekaa chini ya mzabibu, mikono magotini,
dakika nne hajageuza shingo:
kama hapo awali, kama hapo awali,
kama hapo awali.

Agripina alicheka mpaka akashika meza.
"Na huyo fundi," akasema,
"ameolewa na Trofim tangu mwaka gani?"

Deki ya zamani haina imani ya namna hiyo.
Kila nusu sekunde inataka ichorewe dunia upya,
ukuta wote, kiti chote, mume mzima
na kila kifungo cha koti lake.
Ndiyo maana faili ikirudi nyuma kiumri inanenepa,
na ikinenepa inapoteza ung'avu,
na hakuna wa kulaumiwa.

Usiku huo kompyuta ya maktaba ilikoroma kando ya jiko la kuni.
Asilimia tatu. Nikaongeza kuni. Asilimia nne.
Nje mto Răut ulikuwa umeganda kingo zote mbili,
katikati pakibaki ufa mweusi wa maji.
Picha zilipita mojamoja kwenye kioo
nami nikaona asichokiona mtu kwa mwendo wa kawaida:
kope za Trofim zikishuka
kwa picha saba, zikipanda kwa tisa.
Kwa hiyo alikuwa akisogea. Kidogo sana, ila alikuwa.

Diski ya kwanza ilitoka bubu.
Sauti ilibanwa kwa lugha yake nyingine, nami nikasahau.
Tena picha ile pana nilikuwa nimeisukumiza
ndani ya televisheni ya mraba, pande zote zikaingia ndani.
Agripina aliitazama yote akiwa wima, koti hajavua.
"Kusema, hakuwa msemaji.
Lakini mbona amekonda?
Amekonda kuliko hata alivyokonda."

Nilijua dawa yake. Ni namba mbili tu,
kumi na sita kwa tisa, na kosa lilikuwa langu.
Nikarudi. Nikaweka utepe mweusi juu, utepe mweusi chini,
na katikati mashavu yakajaa,
mabega yakalifikia koti.
Nikaitafuta na sauti, nikaitafsiria deki.

Diski ya pili: kuku. Upepo kwenye mzabibu.
Kisha Ilie, nyuma ya simu, karibu mno:
"Baba, sema neno."
Na Trofim, bila kugeuka:
"Niseme nini. Si unaniona."

Agripina akaelekeza rimoti kwa mkono ulionyooka.
Akarudisha nyuma.
"Niseme nini. Si unaniona."
Akarudisha.
Supu ikachemka ikamwagika jikoni, hakuna aliyekwenda.

Ile mbovu nilitaka niivunje. Akaninyang'anya.
Akatafuta kalamu kwenye droo ya vijiko,
akaandika juu ya diski ya pili: Trofim, Agosti.
Kisha juu ya ile bubu, iliyokonda,
kwa herufi zile zile za shule ya zamani:
Trofim, Novemba.